Matangazo ya Askari wa Farasi: Habari za Vita vya Marekani, 1861–1865



Wazee wa pwani waliijua vema nguo iitwayo merikani. Ilikuwa nguo ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi, nayo ilikuja Unguja kwa merikebu za wafanya biashara wa mji wa Salem katika Marekani. Kutoka Unguja ilichukuliwa na wapagazi mpaka bara, na huko ilipokewa kama fedha, mtu akanunua pembe au chakula kwa mikono kadha wa kadha ya merikani. Lakini katika miaka ya 1861 mpaka 1865 nguo ile ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika mahali pake. Sababu yake ni nini? Sababu ni kwamba Wamarekani walikuwa wakipigana wao kwa wao, ndugu kwa ndugu, na pamba haikupita.

Leo twataka kuzungumza habari za vita vile. Lakini hatutazungumza juu ya majemadari wakubwa wala mapigano yao, kwa kuwa hayo yamekwisha andikwa katika vitabu vingi. Twataka kutazama kitu kidogo, nacho ni karatasi iliyobandikwa ukutani. Karatasi hiyo ilikuwa tangazo la kuwaita vijana waingie katika rejimenti za askari wa farasi. Pengine mtu atauliza, "Karatasi ya ukutani ina historia gani?" Twamjibu kwamba ina historia kubwa, maana vijana wengi waliyatoa maisha yao kwa sababu ya maneno waliyoyasoma juu ya karatasi kama hiyo.

Kwanza tukumbushane asili ya vita. Marekani ni nchi ya majimbo mengi yaliyoungana. Majimbo ya Kusini yalilima pamba kwa kazi ya watumwa weusi, ambao hesabu yao mwaka 1860 ilikuwa karibu milioni nne. Majimbo ya Kaskazini yalikuwa yamekwisha kuuondoa utumwa kwao, na watu wengi wa huko hawakutaka uenee katika nchi mpya za magharibi. Abraham Lincoln alipochaguliwa kuwa Rais mwezi wa Novemba 1860, majimbo ya Kusini yakaanza kujitenga moja moja, yakafanya serikali yao wenyewe. Tarehe 12 Aprili 1861 askari wa Kusini wakaipiga kwa mizinga ngome ya Sumter, iliyo katika bandari ya Charleston, na vita vikaanza.

Wakati ule jeshi la Serikali lilikuwa dogo sana, askari 16,000 hivi, nao walikuwa wametawanyika katika ngome za mbali. Tarehe 15 Aprili Lincoln akaita askari 75,000 watumike kwa muda wa miezi mitatu. Watu wengi walidhani kwamba miezi mitatu yatosha kumaliza jambo hili. Kumbe vita vilichukua miaka minne.

Sasa askari hawa walipatikanaje? Serikali haikuwa na maofisa wa kutosha kwenda kila kijiji kuandikisha watu. Desturi yao ilikuwa hivi. Gavana wa jimbo alimpa mtu mashuhuri ruhusa ya kukusanya rejimenti, naye mtu yule akawaambia rafiki zake wakusanye kombania, kila mmoja katika wilaya yake. Aliyeweza kupata watu wa kutosha, yaani themanini au mia, alitumaini kufanywa kapteni. Asiyewapata alirudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo kulikuwa na mashindano makubwa. Katika mji mmoja makapteni watano au sita waliweza kuwa wakiwatafuta vijana wale wale, na kila mmoja alitaka karatasi yake ionekane kabla ya karatasi ya mwenziwe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika siku zile hata kizuri kilitembezwa.

Kapteni alikwenda kwa mpiga chapa wa mji, na mara nyingi huyo ndiye aliyepiga chapa gazeti la mahali pale. Mpiga chapa alikuwa na herufi kubwa zilizochongwa kwa mti. Herufi za risasi hazifai zikiwa kubwa sana, kwa kuwa ni nzito, tena ghali. Mwaka 1827 mtu mmoja wa New York, jina lake Darius Wells, alitengeneza mashine ya kuchonga herufi za mti kwa wingi, na tangu hapo tangazo kubwa liliweza kupigwa chapa kwa siku moja tu na kwa gharama ndogo. Alipanga mstari kwa mstari, kila mstari kwa herufi za namna nyingine: nene, nyembamba, ndefu, pana, kadiri zilivyopatikana katika masanduku yake. Juu aliweka picha ya tai, ndiye ndege wa alama ya Marekani, au picha ya askari juu ya farasi anayekwenda mbio, kitara mkononi. Picha hizo alikuwa nazo tayari dukani, wala hazikuchorwa kwa ajili ya rejimenti fulani. Farasi yule yule aliweza kuwaita watu katika kombania tatu zilizo mbalimbali.

Kisha karatasi zilibandikwa penye watu: ukuta wa posta, mlango wa hoteli, duka la mhunzi, kituo cha gari la moshi. Watu wa Kaskazini wengi walijua kusoma, na asiyejua alisomewa na jirani yake.

Na ndani yake mlikuwa na maneno gani? Matangazo mengi yalifuata njia moja. Kwanza lilikuja neno kubwa la kuwaamsha watu, la kuitetea nchi na bendera. Pili, jina la rejimenti na la kanali wake. Tatu, faida: mshahara, nguo, chakula, na fedha za bakshishi. Mwisho, jina la kapteni na nyumba ambayo mtu ataandikishwa. Lakini tangazo la askari wa farasi lilikuwa na neno moja zaidi ambalo askari wa miguu hakuwa nalo, nalo ni farasi mwenyewe. Serikali ya Kaskazini ilitoa farasi, tandiko, kitara na bastola. Kijana wa shamba, aliyezoea kutembea nyuma ya plau mchana kutwa, aliambiwa kwamba atakwenda vitani amepanda, na mzigo wake utachukuliwa na mnyama. Ni nani asiyependa kupanda kuliko kutembea?

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Mwanzoni Serikali yenyewe haikutaka rejimenti nyingi za farasi. Wakubwa wa jeshi walisema kwamba askari wa farasi ni ghali, tena hafundishiki upesi, na kabla hajajua kazi yake vita vitakuwa vimekwisha. Mtu mmoja aliyewashawishi wabadili shauri alikuwa Carl Schurz, Mjerumani aliyeikimbia nchi yake baada ya maasi ya miaka 1848 na 1849. Alijua kwamba katika mji wa New York wamo Wajerumani wengi waliopata kutumika katika majeshi ya farasi ya Ulaya. Akapewa ruhusa, kazi ikaanza, ijapokuwa yeye mwenyewe alitumwa Hispania kuwa balozi kabla haijakwisha. Rejimenti hiyo ya kwanza ya New York ikaitwa kwa jina la Lincoln mwenyewe. Baada ya Kaskazini kushindwa mwezi wa Julai 1861 huko Bull Run, Serikali haikukataa tena.

Wakusanyaji wengine walitafuta uzuri wa kuwavuta watu. Katika Philadelphia, Kanali Richard Rush alikusanya rejimenti ya sita ya farasi ya Pennsylvania, na askari wake wakapewa mikuki yenye urefu wa futi tisa hivi, kila mkuki na kibendera chekundu. Walipopita katika njia za mji watu walijaa kuwatazama. Lakini nchi ya Virginia, walikokwenda kupigana, ina misitu mingi, na mkuki mrefu msituni ni taabu tupu. Mwezi wa Mei 1863 mikuki ikawekwa kando, wakapewa bunduki fupi. Jimbo la New Jersey nalo, lilipokusanya rejimenti yake ya tatu mwanzoni mwa mwaka 1864, liliwapa askari mavazi yenye kamba nyingi za manjano vifuani, kwa mfano wa askari wa farasi wa Ulaya. Askari wa rejimenti nyingine waliwacheka wakawaita vipepeo. Hata hivyo vipepeo hao walipigana kiume.

Huko Kusini mambo yalikuwa mbali. Serikali ya Kusini haikutoa farasi. Kila askari alikuja na farasi wake, naye alilipwa senti 40 kwa siku kwa kazi ya mnyama huyo. Farasi akiuawa vitani, mwenyewe alilipwa thamani yake. Lakini akifa kwa njaa, au kwa kuchoka, au akitekwa, hasara ilikuwa ya mwenyewe. Askari aliyepoteza farasi hivyo alipewa ruhusa kwenda kwao kutafuta mwingine, na asipopata alihamishwa kwa askari wa miguu. Kwa hiyo matangazo ya Kusini yaliwaita watu wenye mali. Mwaka 1861 Nathan Bedford Forrest, tajiri wa mji wa Memphis, alitia tangazo gazetini kutaka watu 500, kila mmoja na farasi wake na silaha yo yote atakayoweza kupata, ikiwezekana bunduki ya kuwindia na bastola. Yafaa tukumbuke kwamba utajiri wa mtu huyo ulitoka katika kununua na kuuza watumwa. Farasi alimtaja; watumwa, ambao ndio asili ya vita, hawakuwa na haja ya kutajwa, kwa kuwa kila msomaji alijua.

Basi twarudi kwa yule kijana aliyeandika jina lake. Je, alipata alichoahidiwa? Farasi alipata, lakini hakuambiwa kwamba farasi ni bwana kabla ya kuwa mtumishi. Alfajiri, kabla mtu hajanywa kahawa yake, farasi alisuguliwa, akanyweshwa, akalishwa. Jioni askari wa miguu alipolala, askari wa farasi alianza tena kazi ile ile. Usiku alipelekwa lindoni mbele ya jeshi, katika mvua na baridi. Kazi yake kubwa haikuwa kwenda mbio na kitara kama picha ilivyoonyesha. Ilikuwa kuvizia, kupeleleza njia, kuyalinda magari ya chakula, na mara nyingi kushuka chini na kupigana kwa miguu, mtu mmoja katika wanne akibaki nyuma kushika farasi. Mapigano makubwa ya farasi yalikuwapo pia: tarehe 9 Juni 1863 huko Brandy Station, katika Virginia, karibu watu 20,000 walipigana mchana kutwa, wengi wao wakiwa juu ya farasi. Lakini siku kama hiyo ilikuwa moja katika siku mia.

Na wanyama je? Vijana wengi wa mijini hawakujua kumtunza farasi, wakamtandika vibaya mpaka mgongo ukawa kidonda. Hasara ilizidi hata mwezi wa Julai 1863 Serikali ya Kaskazini ikafanya idara maalumu ya kununua farasi na kuwaponya. Wataalamu wakadiria kwamba farasi na nyumbu zaidi ya milioni moja walikufa katika vita vile. Wanadamu waliokufa, pande zote mbili, wanakadiriwa kuwa kati ya 620,000 na 750,000, na waliouawa na maradhi ni wengi kuliko waliouawa na risasi. Hakuna tangazo lililotaja kuhara wala homa.

Kadiri vita vilivyoendelea, maneno ya ukutani yakabadilika. Mwaka 1861 bendera ilikuwa juu na fedha chini. Mwaka 1863 na 1864 fedha zilipanda juu, kwa herufi kubwa kuliko zote. Sababu ni kwamba waliopenda kwenda walikuwa wamekwisha kwenda, na barua za kutoka vitani zilikuwa zimefika vijijini. Kusini walianza kuwalazimisha watu kwa sheria ya mwezi wa Aprili 1862. Kaskazini walifuata kwa sheria ya tarehe 3 Machi 1863, nayo iliruhusu mtu aliyechaguliwa kulipa dola 300 abaki nyumbani. Mshahara wa askari wakati ule ulikuwa dola 13 kwa mwezi. Hesabuni wenyewe ni maskini gani angeweza kulipa. Mwezi wa Julai 1863 watu wa New York walifanya fujo kwa siku nne, wakawaua watu weusi wasio na kosa lo lote, kana kwamba wao ndio walioitunga sheria.

Ndipo matangazo yakaanza kusema kwa ufupi: jiandikishe sasa kwa hiari yako upate bakshishi, kabla hujashikwa kwa nguvu ukakosa. Serikali kuu ilitoa dola 300, na jimbo na wilaya na mji wakaongeza zao. Wakatokea wajanja waliojiandikisha, wakapokea fedha, wakatoroka usiku, wakajiandikisha tena mji wa pili kwa jina jingine. Fedha humleta mtu, lakini si rahisi kumweka.

Sasa tumefika mahali penye uzito zaidi katika habari hii. Mwanzoni watu weusi walikataliwa kuwa askari. Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote katika nchi za waasi ni huru, na kwamba watu weusi watapokewa jeshini. Mwezi wa Machi mwaka ule Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland akatoroka, akawa mwandishi na msemaji mkuu wa watu wake, alitoa wito kwa vijana weusi washike silaha. Wito huo ukapigwa chapa ukaenea miji mingi. Ndani yake Douglass alisema kwamba amepewa ruhusa kuwahakikishia watu kuwa mshahara wao, chakula chao na ulinzi wao vitakuwa sawasawa na vya askari weupe. Wanawe wawili, Lewis na Charles, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha.

Lakini askari mweusi hakupewa dola 13. Alipewa dola 10, na katika hizo dola 3 zilikatwa kwa ajili ya nguo. Zilizobaki ni 7. Fikirini hali ya Douglass. Watu hawakuiamini Serikali. Walimwamini yeye, na jina lake ndilo lililokuwa chini ya karatasi. Ahadi ni deni, na deni hilo alilichukua kwa ajili ya wakubwa ambao hawakulilipa. Akaacha kuandikisha watu, na tarehe 10 Agosti 1863 akaenda Washington kumwona Lincoln uso kwa uso. Rais alimpokea kwa heshima na kumsikiliza, walakini hakumwahidi haki ya mara moja. Askari weusi wengine wa Massachusetts walikataa mshahara pungufu zaidi ya mwaka, wakapigana bila kupokea hata senti moja. Mwezi wa Juni 1864 Bunge likapitisha sheria ya mshahara ulio sawa.

Charles Douglass alihamia rejimenti ya tano ya farasi ya Massachusetts, rejimenti ya watu weusi iliyokusanywa kwa amri ya Gavana John Andrew mwishoni mwa 1863 na mwanzoni mwa 1864. Waliitwa kuwa askari wa farasi. Mwezi wa Mei 1864 walipofika Virginia walipewa bunduki za askari wa miguu, wakaambiwa watembee. Tarehe 15 Juni walipigana kwa miguu karibu na mji wa Petersburg, wakasaidia kuteka mzinga wa adui, na kanali wao, Henry Russell, akajeruhiwa. Kisha wakapelekwa Point Lookout kuwalinda wafungwa wa vita kwa miezi mingi. Farasi waliwapata baadaye, chini ya kanali mpya, Charles Francis Adams. Na tarehe 3 Aprili 1865, mji mkuu wa Kusini, Richmond, ulipoanguka, rejimenti ile ilikuwa miongoni mwa majeshi ya kwanza kuingia. Watu weusi wa mji, waliokuwa watumwa mpaka usiku uliotangulia, walisimama njiani wakawaona watu wa rangi yao wakipita juu ya farasi, kitara kiunoni.

Wengine hawakuiona siku hiyo. Katika Kentucky rejimenti nyingine ya weusi, ya tano ya farasi ya Serikali kuu, ilipelekwa vitani upesi mno, mwezi wa Oktoba 1864, juu ya farasi wasiofundishwa, na bunduki ndefu zisizoweza kushindiliwa mtu akiwa amepanda. Njiani askari weupe wa upande wao wenyewe waliwadhihaki. Huko Saltville walishambulia kwa ushujaa, zaidi ya mia moja wakaanguka, na kesho yake majeruhi wao wakauawa na askari wa Kusini mahali walipolala. Wale waliowadhihaki walipokuwa wakienda, wakati wa kurudi hawakusema neno.

Vita vilikwisha mwezi wa Aprili 1865, na mwezi wa Desemba mwaka ule utumwa ukafutwa katika Marekani yote. Mwaka 1866 Bunge liliamuru rejimenti mbili za farasi za watu weusi, ya tisa na ya kumi, ziwe sehemu ya jeshi la siku zote. Jambo ambalo mwaka 1861 lisingeweza hata kuandikwa ukutani likawa sheria ya nchi.

Karatasi zile zilipigwa chapa zidumu majuma machache tu. Mvua iliziloweka, na tangazo jipya lilibandikwa juu ya la zamani. Chache zilizosalia zimehifadhiwa katika maktaba na nyumba za makumbusho za Marekani. Tukizitazama, tusiwacheke vijana waliozisoma. Mengi yaliyoandikwa yalikuwa kweli: nchi ilikuwa hatarini, farasi walikuwapo, mshahara ulikuwapo. Upungufu ulikuwa katika yale yasiyoandikwa, na katika ahadi zilizotolewa na mtu mmoja huku mwenye kulipa ni mwingine.

Basi ninyi vijana mliojifunza kusoma, nanyi wazee mnaosomewa na watoto wenu, tangazo lo lote likija mbele yenu, liwe la kazi, la biashara au la jambo jingine, lisomeni mara mbili. Mara ya kwanza someni yaliyoandikwa. Mara ya pili ulizeni yaliyoachwa, na ni nani atakayelipa. Kuuliza si ujinga. Douglass aliuliza, akaenda mpaka kwa Rais kuuliza, na mwisho jibu likapatikana.